Garanti Ikishaliwa, Mpangaji Hatoki

Kila mwisho wa mwezi, nikipita asubuhi mitaa ya Kataki au Hewa Bora hapa Kalemie, kuna kitu ninachokiona tena na tena na kila mara kinaniuma: nyumba yenye watu ndani lakini haina mlango. Bawaba zimebaki kwenye fremu, mbao zimechukuliwa, na mahali pa mlango mama wa nyumba ametundika kitenge. Juu amekibana kwa misumari miwili, chini amekikandamiza kwa jiwe ili upepo wa ziwa usikiinue. Ndani unasikia sufuria zinagongana, mtoto anakohoa, redio inatangaza habari. Ukimuuliza jirani kuna nini, jibu ni lile lile: "Ni bayere, mwenye nyumba. Alikuja jioni na vijana, akang'oa mlango wake. Anataka watoke."

Mara nyingine si mlango, ni bati. Mwenye nyumba anapanda juu mvua za Novemba zikiwa zimekolea, anavua mabati mawili yaliyo juu ya kitanda cha watu, anashuka nayo kichwani. Mara nyingine ni godoro, masufuria na madaftari ya watoto vimetupwa nje ya lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, na shefu wa avenie, mkuu wa barabara ile, amesimama katikati akiwaomba watu wapunguze sauti. Nimeishi mji huu miaka mingi na sijazoea. Wala sitaki kuzoea.

Ukiwauliza wenye malupango, watakuambia lokatere, yaani mpangaji, wa siku hizi ameganda kama kupe. Anaacha kulipa, anaambiwa atoke, anakaa. Anapelekwa kwa shefu, anakaa. Anapelekwa mahakamani, bado anakaa, kwa sababu, wanasema, sheria imempendelea. Ukiwauliza wapangaji, watakuambia bayere hana huruma, anawaza dola tu. Nimewasikiliza wote, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Hapa Kalemie mpangaji hatoki kwa sababu garanti yake, pesa ya dhamana aliyotoa alipoingia, imeliwa. Mwenye nyumba alijifunga mwenyewe siku ile alipopokea pesa ya mtu, akaihesabu kuwa yake, akaitumia. Na mpangaji, akijua kwamba hakuna kitakachorudi, anajilipa kwa kukaa.

Hesabu ya chumba na saluni

Tuchukue mfano mdogo. Mwalimu mmoja anatafuta chumba na saluni, yaani sebule, kwa ajili yake, mke na watoto watatu. Tuseme bei ni dola 30 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka garanti ya miezi sita, yaani dola 180. Komisionere aliyemwonyesha nyumba anataka mwezi wake mmoja, dola 30. Kwa hiyo mwalimu huyu, kabla hajalala hata usiku mmoja chini ya bati lile, amekwisha kutoa dola 210. Amezipata wapi? Amepokea zamu yake ya likelemba, yaani upatu, ameuza redio, amekopa kwa shemeji. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Sasa zifuate zile dola 180. Mwenye nyumba hakuziweka popote. Siku ya pili amekwenda kununua mabati na mifuko ya saruji, maana ana chumba kingine uani ambacho hakijaezekwa. Au alikuwa na mtoto Lubumbashi anayedaiwa ada ya shule kuu. Au alikuwa na mgonjwa. Simlaumu kwa mahitaji yake. Nani hana mahitaji? Ila ile pesa haikuwa yake. Aliaminiwa aishike.

Miaka miwili inapita. Kijana wa mwenye nyumba anaoa, anataka chumba. Mama mwenye nyumba anamwita mwalimu: "Papa, ninahitaji nyumba yangu." Mwalimu anajibu kwa heshima zote: "Hakuna shida, mama. Unirudishie garanti yangu, kesho natoka." Na hapo ndipo fundo linapokaza. Mama hana dola 180. Njia pekee ya kuzipata ni kuchukua garanti ya mpangaji mwingine. Lakini mpangaji mwingine hawezi kuingia mpaka mwalimu atoke, mwalimu hawezi kutoka mpaka apate pesa ya kulipa garanti kwingine, na pesa hiyo ndiyo ile iliyogeuka mabati uani. Wote wawili wamekaa wanatazamana, kila mmoja akisubiri hatua ambayo mwenzake hana uwezo wa kuipiga.

Basi mwalimu anasema neno ambalo kila mtu mjini analijua: "Nitakula garanti yangu." Maana yake anakaa miezi sita bila kulipa. Mwezi wa saba ukifika, ugomvi mpya unaanza. Mwenye nyumba anahesabu kuanzia siku aliyosema toka. Mpangaji anahesabu kuanzia siku aliyoanza kutolipa. Mpangaji anaongeza: nilipiga simenti kwenye saluni, nilinunua kitasa, nilibadilisha waya wa umeme ulioungua, hizo nazo tuzihesabu. Mwenye nyumba naye anatoa bili ya umeme ya SNEL na ya maji ya Regideso ambayo watu wa nyumba nne walikuwa wanachangia na hakuna anayekumbuka nani alilipa lini. Hakuna karatasi. Kuna maneno tu, na maneno yamekuwa makali. Mwisho wake vijana wanaitwa, na mlango unang'olewa.

Mnaona? Hata siku moja kati ya hizo zote sheria haijaingia humo ndani. Watu wawili wamenaswa kwenye deni moja, wanasukumana.

Mji umejaa

Miezi sita ya garanti haikutoka hewani. Mwenye nyumba anaomba anachojua atapata, na Kalemie ya leo humpa anachoomba. Tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015 na mji wetu ukawa makao makuu ya mkoa wa Tanganyika, walikuja mawaziri wa mkoa, wabunge, wakuu wa idara na makarani wao, na wote walihitaji pa kulala. Vita vya Watwa na Waluba navyo vilikuwa vimewaleta watu kutoka vijijini kwa makumi ya maelfu. Wengine walikaa kambini, Katanika na kwingineko, lakini wengi walijibanza kwa ndugu na katika vyumba vya kupanga. Nyuma yao yakaja mashirika ya misaada, yanayolipa kwa dola na yasiyobishana bei. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilipofunga kambi zake za Tanganyika katikati ya mwaka 2022, wengi tulidhani bei zingeshuka. Lakini mwenye nyumba akishajua nyumba yake iliwahi kulipwa dola 500, ni vigumu kumrudisha kwenye 150.

Ziwa nalo halikutuhurumia. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda mpaka yakaingia sebuleni mwa watu wa ufukweni. Kuta za tofali zikalainika na kuanguka, na familia zilizokuwa na nyumba zao wenyewe zikageuka wapangaji. Halafu ukaja mwaka 2025. Goma ilianguka vitani Januari, Bukavu Februari, na Desemba ikawa zamu ya Uvira. Mara kwa mara maboti yalishusha watu bandarini kwetu, wenye mabegi, wenye watoto mgongoni, wenye wazee waliobebwa. Waliokuwa na pesa kidogo hawakutaka kambi; walitaka chumba, siku hiyo hiyo, kwa bei yoyote.

Nani atamlaumu aliyekimbia risasi kwa kulipa garanti ya miezi sita bila kuuliza? Lakini matokeo yake ni kwamba yule mwalimu wetu, ambaye mshahara wake ni wa faranga na haukuongezeka kwa sababu Bukavu imeanguka, sasa anaonekana na mwenye nyumba kama kizuizi. Akitoka yeye, chumba kile kile kitampa mama garanti mpya na bei mpya. Kwa hiyo kumfukuza kumekuwa na faida, na yeye, akijua akitoka hapati pengine, anashikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Sheria ipo

Watu wengi wanaoniambia kwamba sheria imempendelea mpangaji hawajawahi kuisikia ikisomwa. Inaitwa sheria nambari 15/025, ilitiwa saini tarehe 31 Desemba 2015, na inahusu upangishaji wa nyumba ambazo si za biashara ya kitaalamu. Kwa nyumba ya kuishi, inasema garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Mitatu, si sita, wala kumi kama wanavyolalamika ndugu zetu wa Kinshasa. Inataka mkataba uandikwe. Inataka mwenye nyumba anayetaka nyumba yake atoe notisi ya miezi mitatu. Mkigombana, mnaanzia kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia makazi, ile tunayoiita tu Habitat, mpatanishwe. Ikishindikana ndipo mahakama. Juu ya yote hayo iko Katiba ya mwaka 2006, ambayo kifungu chake cha 29 kinasema makazi ya mtu hayaingiliwi ovyo, na cha 48 kinataja haki ya makazi yanayostahili.

Ukiitazama vizuri, hiyo ni sheria ya watu wawili. Inamlinda mpangaji asitupwe nje usiku, na inampa mwenye nyumba njia ya kumtoa asiyelipa bila kuajiri vijana wa kung'oa milango. Shida ni kwamba ili uitumie lazima uwe na kitu cha kuonyesha. Hakimu atauliza: mkataba uko wapi? Garanti ilikuwa kiasi gani? Kodi ililipwa hadi mwezi gani? Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na nyumba ni mali.

Kwa nini basi watu hawaandiki? Sababu moja inasemwa kwa sauti ya chini, na mimi nitaisema kwa sauti ya kawaida: ushuru. Mapato ya kupangisha nyumba yanatozwa ushuru, na kiwango ambacho wenye nyumba wamekijua kwa miaka mingi ni asilimia 22. Mwenye vyumba viwili uani akifikiri kwamba mkataba ulioandikwa utamwonyesha kwa watu wa ushuru, anachagua maneno ya mdomo. Anajificha kwa Leta, yaani serikali, na siku anapoihitaji Leta imsaidie kumtoa mpangaji, haimwoni pia. Mkoa ungefanya jambo la maana sana kama ungetenganisha haya mawili: ofisi inayosajili mikataba ya watu wadogo isiwe mtego wa ushuru. Aliye na nyumba kumi anazokodisha kwa mashirika alipe, na alipe vizuri. Mjane mwenye chumba kimoja tusimtishe mpaka aogope kalamu.

Sababu ya pili ni gharama na muda. Kesi inataka ada, inataka kurudi mara tano, inataka wisie wa kutekeleza hukumu, na kila hatua ina mtu anayeomba nauli. Kwa hiyo watu hukimbilia njia ya mkato. Mwenye nyumba anamtafuta mtu wa polisi, mpangaji anapelekewa konvokasio, yaani wito, kana kwamba ameiba, analala ndani usiku mmoja, analipa faini isiyo na risiti, anarudi nyumbani, na bado hajatoka! Deni la nyumba ni kesi ya kiraia. Kumfunga mtu kwa sababu hiyo hakumrudishii mama chumba chake, na humwachia mtu wa tatu pesa ambayo ingepunguza deni lenyewe.

Si kila bayere ni tajiri

Hapa nataka kusimama kidogo, maana makala nyingi za haki za wapangaji huandikwa kana kwamba mwenye nyumba ni mtu mnene anayekaa ghorofani. Kalemie haiko hivyo. Tembea Kataki, tembea upande wa Filtisaf, uwaulize wanaopangisha ni akina nani. Ni mjane wa mfanyakazi wa reli ambaye mumewe alikufa akisubiri malipo yake ya mwisho. Ni mzee aliyekuwa fundi wa kiwanda cha nguo, kiwanda kikanyamaza, akabaki na lupango na magoti yanayouma. Ni mama muuza ndagala aliyejenga chumba kimoja, tofali kwa tofali, kwa miaka saba.

Kwa mtu kama huyo, mpangaji asiyelipa si kero ndogo. Chumba kile ndicho dawa yake ya presha. Ndicho ada ya mjukuu. Nimemwona mama wa namna hiyo amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, akimsubiri mpangaji amwombe hata nusu ya mwezi, kumbe mpangaji amekwisha kutoka kupitia nyuma ya nyumba. Kijana mwenye simu ya bei, mwenye pikipiki. Mama hakuwa na garanti ya kumrudishia, kijana alijua, na alikuwa amekula garanti yake mara mbili. Anayefanya hivyo asitafute kivuli chini ya maneno "haki za mpangaji". Dawa ya deni ni kulipa, na nyumba ya mjane si mahali pa kulipizia dhuluma uliyofanyiwa na bayere mwingine.

Na kuna kosa moja ambalo wapangaji wengi wanalifanya kwa nia safi kabisa: wanachanganya notisi na garanti. Wanaamini kwamba wakipewa miezi mitatu ya notisi, basi ni miezi mitatu ya kukaa bure, garanti inajilipa yenyewe. Notisi ni muda wa kutafuta nyumba nyingine, na kodi inaendelea. Garanti inangoja mwisho, ukuta ukaguliwe, kioo kihesabiwe, kilichobaki kirudi kwa mwenyewe. Ila nani atamshawishi mpangaji alipe kodi miezi mitatu ya mwisho kama anajua kwa hakika kwamba garanti yake iko juu ya paa la chumba cha uani?

Niliyoyapitia

Siandiki haya nikiwa mbali. Niliwahi kupanga nyumba ndogo kwa mzee mmoja mwema sana, ambaye hata chai tulikunywa pamoja. Nilimpa garanti ya miezi mitano mkononi, chini ya mwembe, shahidi akiwa komisionere peke yake. Tuliona aibu kuandikiana. Tulikuwa tunaheshimiana, karatasi ingeonekana kama tusi. Mwaka wa tatu mzee alifariki. Tulimzika Jumamosi. Alhamisi iliyofuata watoto wake wawili walinijia, wakaniambia wanauza lupango, nijiandae. Nikataja garanti. Mkubwa akanitazama bila hasira yoyote, akasema: "Papa, garanti ulimpa marehemu. Sisi hatukupokea kitu." Komisionere alikuwa amehamia Moba.

Nilikaa miezi mitano bila kulipa. Nilikula garanti yangu, kama kila mtu. Na nitakiri kwamba sijawahi kuishi miezi mirefu kama ile. Kila asubuhi nilikutana na mjane wa mzee bombani. Tulisalimiana, "Jambo, mama," "Jambo, papa, watoto waliamkaje?", kisha kila mmoja anaangalia ndoo yake. Yeye alihitaji kodi yangu kwa ajili ya matanga ya siku arobaini. Mimi nilihitaji garanti yangu nipate nyumba nyingine. Hakuna kati yetu aliyekuwa mwizi. Mwezi wa tano ulipokwisha niliondoka, na hakuna aliyenisindikiza hadi mlangoni katika nyumba ambamo watoto wangu wawili walijifunza kutembea.

Kipande kimoja cha karatasi, chenye sahihi mbili na tarehe, kingetuokoa wote. Sisi tulikiita aibu.

Wengine wanafanyaje

Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ambako wafanyabiashara wetu huenda na kurudi, mpangaji mara nyingi huombwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Ni mzigo mkubwa siku ya kwanza, na Watanzania wenyewe wanalalamika. Lakini ina jambo moja la kufundisha: pesa ile ni kodi, inapungua mwezi kwa mwezi, na ikiisha kila mmoja anajua imeisha. Hakuna anayemdai mwenzake kitu cha miaka mitatu iliyopita. Uganda walipitisha sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, inayomkataza mwenye nyumba kumtoa mtu kwa nguvu zake mwenyewe bila amri ya mahakama. Ufaransa, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, wapangaji hawatolewi kwa nguvu kwa sababu ya baridi. Sisi hatuna theluji, tuna mvua, na mtoto aliyelala chini ya paa lililovuliwa mabati mwezi wa Novemba anatetemeka vile vile.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Ubelgiji, kwa watu waliotuletea neno lenyewe, garanti. Kwao pesa hiyo huwekwa kwenye akaunti ya benki iliyofungwa, kwa jina la mpangaji. Mwenye nyumba hawezi kuigusa peke yake, mpangaji hawezi kuigusa peke yake. Inafunguliwa kwa makubaliano ya wote wawili au kwa uamuzi wa hakimu. Kwetu lilifika neno, likafika na deni lake, lakini ile kufuli haikuvuka bahari.

Kwa shefu, kwa simu, kwa kalamu

Najua nitaambiwa kwamba Kalemie si Brussels, na mwenye kupanga chumba cha dola 30 hafungui akaunti benki. Kweli. Lakini kila mtu kati ya hao ana simu, na simu ina M-Pesa au Airtel Money. Kodi ikipita humo, kila mwezi unaacha alama yake: tarehe, kiasi, nambari. Mpangaji asiyejua kusoma ataonyesha ujumbe. Mwenye nyumba naye hatadanganywa kuhusu mwezi wa Machi. Hilo halihitaji bunge wala waziri. Linahitaji watu wawili wakubaliane leo jioni.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, usomwe mbele ya shefu wa kartie, yaani mtaa, kila mmoja abaki na nakala. Shefu tayari anatuita kila wiki kuamua ugomvi. Afadhali atuite mara moja mwanzoni, tungali tunacheka. Garanti iwe miezi mitatu kama sheria inavyotaka, na mwenye nyumba ambaye hawezi kuishika bila kuila aombe mwezi mmoja tu, maana mwezi mmoja anaweza kuurudisha. Nawaambia wenye malupango kwa moyo wa dhati: garanti ndogo ndiyo inayowapa uwezo wa kumwambia mtu atoke. Anayeshika dola 180 za mwenzake amempa mpangaji wake kitanzi, na mkono wa kukivuta.

Na meya wa mji, na wakuu wa Habitat, wasisubiri watu waje ofisini. Siku moja kwa mwezi washuke kwenye kartie, wakae chini ya mti, wasikilize kesi za nyumba, waandike makubaliano, bila pesa ya nauli na bila maneno ya Kifaransa ambayo nusu ya waliokuja hawayaelewi. Waliotoka Uvira na Bukavu wawemo. Mgeni asiyejua bei ya hapa ndiye anayeomba msaada kidogo na kudanganywa zaidi.

Wapo wanaofanya hivi bila kusubiri mtu. Kuna mama mmoja, muuza ndagala, ana vyumba vitatu uani kwake. Anaweka daftari la shule, la kurasa 100, jalada limefungwa kwa plastiki ya sukari ili mafuta ya samaki yasiingie. Kila mpangaji ana kurasa zake. Kila mwezi anaweka sahihi, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Garanti anapokea ya miezi miwili tu na anaihifadhi kando, hata alipougua mwaka juzi hakuigusa, aliuza mbuzi. Nilikuwapo siku mmoja wa wapangaji wake alipohama kwenda kuanza kazi Manono. Mama alileta pesa zimefungwa kwenye kipande cha kitenge, akazihesabu mbele ya shefu wa avenie, noti kwa noti, akakata bei ya kioo kimoja cha dirisha kilichovunjwa na watoto, akamsomea kijana ukurasa wake kuanzia mstari wa kwanza. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akapokea, akatia sahihi. Kisha akaomba ufagio. Akaingia ndani peke yake, akafagia chumba kona kwa kona, akatoka na vumbi kwenye kipande cha karatasi, akafunga mlango, akamkabidhi mama ufunguo kwa mikono miwili.